Nyakundi Mwana wa Makori

Ilianza Jumatatu, tarehe kumi na mbili Januari mwaka wa 1970, saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeteremsha sanduku langu la bati mbele ya jiko la Kerubo, mjane wa huko Manga ambaye alikubali nikae kwake ili niwe karibu na shule, na kabla sijafungua mdomo mtoto wake Bosibori akatoka mlangoni na kiazi kitamu mkononi, akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, akauliza, "Wewe ni wa nani?" Hakuuliza jina langu. Kwetu jina ni lako peke yako, halimsaidii mwenzako kujua akuweke wapi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, naingia kidato cha pili, na sikuweza kumjibu mtoto wa miaka saba. Nilitazama chini. Kerubo akatokea nyuma yake akipangusa mikono kwenye leso, akacheka. "Mwache, ni wa shule huyu. Ingia, Nyaboke, moshi wa hapa haumli mtu."

Saa naijua kwa sababu niliiandika. Mwaka ule nilikuwa na shajara, na niliongea nayo kuliko nilivyoongea na watu. Darasani nikiulizwa swali machozi yalitangulia jibu, hata walimu wakazoea kuniruka. Kanisani nilikaa nyuma ya akina mama wenye vilemba vikubwa. Kila jioni niliandika yote ambayo mchana ningeyasema kama ningekuwa mtu mwingine. Sasa mimi ni bibi wa wajukuu, nasema hata nisipoombwa, na wanangu hawaamini habari hizi. Lakini mwezi uliopita Bosibori alinipigia simu kutoka mjini Kisii, naye sasa ana mvi kama mimi, akasema, "Nyaboke, mama ametuacha. Leo asubuhi, akinywa uji." Halafu akaendelea kwa sauti yake ile ile ya kiazi kitamu: "Siku ya kuzika utasoma majina." Nikamwambia mchungaji yupo. "Mchungaji atahubiri. Majina ni yako. Yote, hata yale uliyomuuliza wewe. Unalia ama simu imekatika?" Nikasema nipo. Usiku huo na siku zilizofuata sikufikiria kitu kingine ila lile jiko.

Lilikuwa jiko la udongo lenye paa la nyasi, limejitenga na nyumba kubwa ya mabati ambamo hakuna aliyependa kukaa kwa sababu ya baridi. Manga ni mlima, na ukungu wake huja bila kupiga hodi. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, jiwe la kusagia wimbi lililobonyea katikati kama kiti cha mtu mzito, na juu ya moto dari la fito ambako mahindi yalikauka na kuwa meusi. Pembeni palikuwa na magunia ya pareto iliyokaushwa, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, na harufu yake iliingia mpaka kwenye sare yangu ya shule, hata wasichana wa mjini wakaniita dawa ya mbu. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ambayo Kerubo aliichemsha na kuichemsha tena kwa maziwa, siku baada ya siku, mpaka uchungu ukabaki kama kumbukumbu tu. Sabato hatukupika. Chakula kilipikwa Ijumaa, tukakila baridi, na sijawahi tena kula chakula baridi kitamu vile. Kerubo hakuwa amesoma. Mumewe Nyakundi, aliyefariki kabla mimi sijafika, ndiye aliyekuwa akimsomea Biblia, na jioni ya kwanza kabisa, baada ya kuosha sufuria, Kerubo aliitoa kwenye kitambaa, akaipangusa, akaniwekea magotini bila kuniuliza kama najua kusoma kwa sauti mbele za watu. Watu wenyewe walikuwa yeye, Bosibori na mbuzi mmoja mgonjwa. Nikajikuta nasoma.

Robo ile ya mwaka masomo yetu ya Sabato yalikuwa katika kitabu cha Hesabu. Nilifika mahali ambapo Mungu anamwambia Musa awahesabu watu jangwani, na kwa kila kabila asimame mtu mmoja, kichwa cha nyumba ya baba zake. Halafu yakaja majina. Elisuri mwana wa Shedeuri. Shelumieli mwana wa Surishadai. Nilitazama ukurasa uliobaki, ulikuwa majina matupu, nikaufunua upande wa pili. Kerubo aliinua kichwa kutoka kwenye maharage aliyokuwa akiyachambua. "Umeruka." Nikasema ni majina tu. "Majina tu?" akasema. "Nyaboke, na wewe wakifika kwako wakisema huyo ni jina tu, wakafunua?" Nilijua vizuri kurukwa kulivyo. Nikarudi nyuma. Nikayasoma yote, polepole, nikijikwaa, na yeye akasikiliza mikono ikiwa imesimama, jinsi watu wengine wanavyosikiliza wimbo. Nilipomaliza akapumua. "Hawa watu Mungu anawajua," akasema. "Nabii mmoja peke yake angetosha kubeba habari. Lakini hapana, Mungu ameketi chini na kila mtu na baba yake."

Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na bado sijasikia lililonifundisha kuliko lile. Lakini haki ni haki, Mzee Onchari naye alichangia. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mrefu, mwenye koti moja la kahawia, na alifundisha Sabato akiwa amefumba macho nusu kama anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope zake. Sabato iliyofuata mzee mwenzake alipiga miayo waziwazi na kuuliza kwa nini tusiende moja kwa moja kwa Balaamu na punda wake. Onchari akamwambia, "Punda utampata, hakimbii. Kwanza niambie, hawa wakuu walifanya nini?" Akajijibu mwenyewe. "Walisimama. Ndiyo kazi yao yote hapa. Hawakuhutubu, hawakupigana bado. Musa hawezi kujua nani ni nani katika umati ule, kwa hiyo mkuu wa kabila anasimama pale na kusema, huyu namjua, huyu ni wa nyumba fulani, mwandike. Kiongozi ni yule ambaye mbele yake hakuna mtu wa kwao anayepotea." Kisha akatueleza maana ya majina. Surishadai ni kama kusema mwamba wangu ni Mwenyezi. Pedasuri, mwamba amekomboa. Gamalieli, Mungu ndiye thawabu yangu. "Sasa pigeni hesabu ya umri," akasema. "Hawa ni watu wazima jangwani. Walizaliwa wapi? Misri. Mama amefinyanga matofali ya Farao mchana kutwa, mgongo umepinda, jioni anajifungua, na mtoto anamwita mwamba amekomboa. Amekomboa lini? Bado!" Mtu nyuma akasema amina. Mimi nilikuwa nimesahau kujificha nyuma ya kilemba.

Nilipomweleza Kerubo maana ya majina yote niliyokumbuka, nilifika kwa wa mwisho, Ahira mwana wa Enani, wa kabila la Naftali. Mwalimu wetu wa somo la dini alikuwa ametuambia wataalamu hawakubaliani, lakini wengine husema maana yake ni ndugu yangu ni mbaya. Kerubo alicheka mpaka akashika figa. "Kumbe hata yeye yumo! Kumbe Ahira alihesabiwa!" Tangu siku hiyo shemeji yake Ombati, kaka mkubwa wa marehemu Nyakundi, aliitwa Ahira mle jikoni. "Nyamazeni, Ahira anakuja." "Ahira amekunywa chai yote." Yeye mwenyewe hakujua, alikuja tu na fimbo yake na kusimama nje ya mlango, maana jikoni kwa mke wa mdogo wake hakuingia.

Na tulikuwa na mchezo. Asubuhi tukiteremka kijitoni kuchota maji, mimi na Bosibori, nilikuwa nayarudia majina ya wakuu ili nisijikwae jioni, na mtoto akaanza kunijibu kwa yake. Nikisema, "Wa Yuda, Nashoni mwana wa Aminadabu!" yeye anaruka jiwe na kusema, "Wa nyumba yetu, Nyakundi mwana wa Makori!" Nikisema, "Nethaneli mwana wa Suari!" yeye, "Makori mwana wa Ogeto! Ogeto mwana wa Mosoti!" Hapo alisimama kila mara. Nikamuuliza Mosoti ni mwana wa nani. "Sijui. Baba alikuwa ananifundisha akiwa kitandani. Alipofika Mosoti akakohoa, akasema tutaendelea kesho." Akainua mtungi wake mdogo. Hakukuwa na kesho, lakini hakulisema hilo, na mimi sikuuliza.

Mchezo huo tuliucheza hata jikoni, na kila Bosibori alipofika kwa Makori, Kerubo alitoka nje. Mara ya kwanza nilidhani amekasirika. Kumbe ni chinsoni, ile heshima yetu ya mkwe, ambayo wasomaji wangu wa kwetu hawahitaji kufafanuliwa na wa kwingine nawaambia kwa ufupi: mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake. Halitamki akiwa hai, halitamki akiwa amekufa. Ikibidi, husema mzee wa boma, au babu wa mtoto fulani, au hunyamaza. Mjukuu anaruhusiwa, mjukuu na babu ni watu wa mzaha. Lakini mke wa mwana, hapana. Kerubo alisimama nje kwenye ukungu mpaka mtoto amalize, akarudi akitabasamu, akauliza, "Mmeshapita?" Niliandika katika shajara: anapenda majina kuliko mtu yeyote ninayemjua, na lile analolihitaji zaidi halimo mdomoni mwake. Sikujua nilikuwa naandika nini.

Maana mwaka ule ardhi ilikuwa inapimwa. Kamati za wazee zilipita kijiji kwa kijiji pamoja na afisa, mipaka ikapigwa kamba, na kila shamba likaandikwa jina la mwenyewe. Kilichokuwa kikijulikana kwa midomo na kwa miti ya mpakani sasa kiliingia katika karatasi za serikali. Jioni moja ya mvua nilikuwa nasafisha taa, Kerubo yuko kwenye jiwe la kusagia, na Ombati amesimama chini ya ukingo wa paa na maji yanamdondokea begani. Sikutega sikio, jiko lilikuwa dogo. "Mke wa ndugu yangu," alisema, na hakuwa na ukali, "shamba haliandikwi hewani. Huna mvulana. Huyu mtoto ataolewa, ataenda kuvuna kwa watu. Tukiliandika kwa wanangu, utalima palepale, utakula palepale. Nani atakufukuza?" Jiwe likaendelea kusaga. "Na nyumba ya Nyakundi?" Kerubo akauliza. "Itaitwaje?" Ombati akapangusa maji begani. "Nyumba isiyo na mvulana," akasema, "inalala ndani ya nyumba ya ndugu." Akaenda zake. Jiwe likasimama. "Inalala," Kerubo akasema, si kwangu. "Ikilala haiamki hiyo."

Tulikuwa wakati huo tumefika mahali pengine katika Hesabu, na hata leo siwezi kusema kama ni mpango wa masomo au ni nini. Ni pale wale mabinti wa Selofehadi wanapokuja mbele ya Musa na wakuu wote, mlangoni pa hema, na kusema kwamba baba yao alikufa jangwani bila mwana wa kiume, na je, jina lake liondolewe katika jamaa yake kwa sababu hiyo tu? Wapewe urithi kati ya ndugu za baba yao. Musa hajui la kufanya, anaenda kumwuliza Mungu, na Mungu anasema mabinti wamenena sawa. Kerubo alitaka nirudie majina yao. Mala, Nuhu, Hogla, Milka, Tirsa. Akataka tena. Nilimuuliza, kwa ujasiri ambao ulikuwepo jikoni tu, kwa nini basi katika ile hesabu ya kwanza wanawake hawakuhesabiwa. "Walikuwa wakihesabu wa kwenda vitani," akasema. Akafikiri. "Lakini ona, hawa watano hawakungoja kuhesabiwa. Walikwenda wenyewe mpaka mlangoni wakasema sisi ni wa fulani." Akafunga kitambaa juu ya Biblia. "Walikuwa watano, lakini. Mimi nina Bosibori."

Siku yetu ilikuwa Alhamisi mwezi wa Septemba. Afisa wa ardhi alikuwa kijana aliyetoka pwani, na Kiswahili chake kilitoka laini hata sisi tulichukua muda kukikamata. Kerubo hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, kwa hiyo aliniombea ruhusa shuleni nikae karibu naye, nisikie, nimwambie baadaye nini kimesemwa. Sikutarajiwa kusema neno. Nilisimama nyuma yake nikiwa na sare, nikinuka pareto. Bosibori alikuwa darasani. Wazee walikaa kwenye viti vilivyotolewa nyumba kubwa, Mzee Onchari katikati akiwa mwenyekiti wao, na afisa akakaa kwenye meza ndogo nje, karatasi zake amezikandamiza na jiwe. Ombati alisimama upande wake na wanawe wawili wakubwa. Walikuja majirani wa mpaka wa juu na wa chini, wakakubaliana haraka. Kisha afisa akamtazama Kerubo. "Mama, wewe ni mke wa marehemu?" Akaitika. "Jina la marehemu?" "Nyakundi." Kijana akaandika. "Nyakundi mwana wa nani?"

Kerubo akatazama chini.

Afisa alidhani hajasikia. Akarudia kwa upole, "Mama, baba yake Nyakundi aliitwa nani?" Kerubo alisema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti ndogo, "Mzee wa boma hili." Afisa akatutazama. "Amesema nini? Hamjui?" Wazee walijua. Kila mtu pale alijua, isipokuwa huyo kijana. Lakini jambo la nyumba husemwa na mwenye nyumba, na mwenye kinywa cha kumsemea Kerubo alikuwa mmoja, kaka wa mumewe. Macho yote yakamwendea Ombati. Ombati akatazama ncha ya fimbo yake. Mzee Onchari akamwambia kwa lugha yetu, "Ombati, mwanamke anaulizwa." Ombati akasema, "Nimesikia," na hakuongeza. Hakusema uongo hata mmoja, alinyamaza tu. Ukimya wake ungetosha, maana afisa alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. "Mimi siwezi kuandika mke asiyejua hata ukoo wa mume," akasema, akainua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Labda tuliunganishe na hili la ndugu, halafu..."

Niliona shingo ya Kerubo. Alikuwa amevaa leso yake ya kanisani, na shingo ilikuwa imenyooka, haikutetemeka, mtu aliyesimama mlangoni pa hema akiwa peke yake. Angeweza kulisema lile jina. Silabi tatu tu, na shamba ni lake. Watu wangemsamehe baada ya miaka. Lakini nilielewa baadaye kwamba asingeweza kuidai nyumba ya Nyakundi kwa kuivunjia heshima nyumba hiyo hiyo. Sikufikiri hayo wakati ule. Nilichofikiri ni kwamba afisa anafunua ukurasa. Anaruka. Na sauti ikatoka mahali fulani, nyembamba, ya kusoma, na nilipoitambua ilikuwa yangu.

"Nyakundi mwana wa Makori," nilisema. "Makori mwana wa Ogeto. Ogeto mwana wa Mosoti."

Watu wakageuka wote. Mtoto mmoja wa Ombati akasema, "Na huyu ni wa nani?" Machozi yakaanza kama kawaida, ila safari hii yalichelewa, jibu lilikuwa limetangulia. Afisa akauliza, "Wewe ni mtoto wa marehemu?" Nikatikisa kichwa. "Ni mgeni, anasoma hapa tu," kijana yule wa Ombati akasema. "Hana neno hapa." Ndipo Mzee Onchari aliposimama. Alisimama taratibu, koti lile la kahawia, na kusema kwa Kiswahili ili afisa aelewe: "Huyu msichana si wa boma hili, ni kweli. Lakini mimi sijauliza nani amesema. Nauliza kama imesemwa sawa. Huyu mama namjua. Mume wake nilimjua. Mimi nasimama hapa kwa ajili hiyo. Kama kuna mtu anasema Nyakundi si mwana wa Makori, aseme sasa." Akamgeukia Ombati. Akangoja.

Ombati alikuwa bado anatazama fimbo yake, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alinitazama mimi. "Umeishia Mosoti," akasema. Nikaitika. "Nani alikufundisha?" Nikasema, kwa shida, "Bosibori. Baba yake alikuwa anamfundisha. Alifika Mosoti akaugua zaidi. Alisema wataendelea kesho yake." Ombati alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Kisha akasema, si kwa afisa, si kwangu, pengine kwa ndugu yake, kwa sauti nzito ya mtu anayeita ng'ombe jioni: "Mosoti mwana wa Nyamongo. Nyamongo mwana wa Onsare. Onsare ndiye aliyepanda mlima huu." Akamgeukia afisa. "Andika, kijana. Andika nyumba ya Nyakundi. Mke wake huyu hapa, mtoto wake yuko shule."

Miaka yote hii nimejiuliza kwa nini. Sidhani alikuwa mtu mbaya aliyegeuka mwema kwa dakika moja. Nadhani hakuweza kuwasikia baba zake wakiitwa mbele za watu, wamepangwa mmoja baada ya mwingine, halafu mstari ukakatika katikati, na yeye anao mwisho wake mdomoni. Na akishautamka mwisho, mwanzo wake ni Nyakundi, ndugu yake. Orodha zile za Hesabu nilizitazama kwa jicho jingine baada ya hapo. Watu husema zinachosha. Mimi nimeona mtu akikamatwa na orodha, akarudishwa mahali pake na majina tu, bila kufokewa. Wakati wa kuondoka alinipita na kusema bila kutabasamu, "Wewe msichana, kwetu hutaolewa tena. Umemtaja mzee wetu mbele ya kijiji kizima." Wazee wakaangua kicheko, na Kerubo, ambaye alikuwa hajasogeza mguu, akacheka pia, akifunika mdomo kwa leso.

Jioni ile Ombati alikuja na kusimama nje ya jiko kama kawaida, akamwita Bosibori, wakakaa juu ya gogo. Tulisikia kutoka ndani. "Mosoti mwana wa?" "Nyamongo!" "Nyamongo mwana wa?" "Ngoja... Onsare!" Kerubo hakutoka nje safari hii, majina yalikuwa yamepita lile la mkwe wake. Alikaa karibu na moto, mikono magotini. Baadaye akanong'ona, "Nyaboke, tusimwite tena Ahira." Nikasema sawa. "Ama tumwite," akasema, "maana Ahira naye alisimama na watu wake." Tulikula chinsaga, na Ombati akapelekewa sahani yake nje.

Asubuhi yake, Ijumaa, niliamka kabla ya Bosibori, nikachota maji peke yangu, nikarudi na kumkuta Kerubo anakoroga uji wa wimbi kwa ajili yetu. Nilikaa kwenye kigoda changu na shajara mapajani. Nilikuwa nimeuandika mstari wote, tangu Bosibori hadi Onsare, na kuutazama kwa fahari, ndipo nikaona kwamba yeye hayumo. Alikuwa ameulinda bila kuutamka, na hayumo. Nikamuuliza, na sauti haikunipotea: "Mama Bosibori, wewe ni wa nani? Mama yako aliitwa nani?" Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya afisa. "Mama yangu?" akasema. "Hilo hawajaniuliza." Akaushika mwiko kwa mikono miwili, akaangalia juu kwenye dari la mahindi, akaanza, taratibu, kama mtu anayejaribu njia ya zamani kwa mguu: "Kerubo binti wa Moraa. Moraa binti wa Kemunto. Kemunto..." Uji ukaanza kuungua. Nikaendelea kuandika.